Vitabu vya picha za treni za mvuke za Ujerumani: namna ya kuchagua, kukagua na kununua

Mdau aliyeanzisha uzi anasema ana bajeti ya vitabu vitatu au vinne vya picha za reli za mvuke za Ujerumani, Kijerumani hasomi, na kwenye masoko ya vitabu vya mitumba amekuta mamia ya matangazo. Anauliza aanzie wapi. Mkuu, chagua kitabu kwa maelezo ya chini ya picha na kwa ubora wa uchapaji. Jalada na ukubwa viwe vya mwisho kuangalia.

Anza na kipindi. Wajerumani wanagawa historia ya reli kwa "Epoche", na neno hilo utalikuta kwenye matangazo mengi. Epoche I ni enzi za reli za majimbo, hadi zilipounganishwa mwaka 1920. II ni Deutsche Reichsbahn, reli ya taifa, hadi Vita vya Pili vya Dunia. III ni baada ya nchi kugawanyika: Deutsche Bundesbahn (DB) magharibi, na mashariki reli ikabaki na jina la zamani, Deutsche Reichsbahn (DR). Hiyo inafika karibu 1970, halafu inafuata IV. Kwa anayeanza nashauri mwisho wa III na mwanzo wa IV, yaani miaka ya 1960 na 1970. Wapiga picha walikuwa wengi, filamu zilikuwa nzuri, na wengi waliandika tarehe na namba ya kichwa cha treni palepale kando ya reli.

Ukishajua kipindi, tafuta kitabu cha njia moja au karakana moja. Vile vya "Ujerumani nzima" vinarudia picha zilezile. Carl Bellingrodt (1897–1971) ndiye mfano mkubwa: picha zake za vichwa vimesimama, jua likipiga ubavuni, fimbo za magurudumu zikiwa chini, zimechapwa kwenye vitabu vingi mno. Ni picha bora kabisa na kitabu kimoja chake unakihitaji. Ukinunua vitatu vya jumla, utalipia kichwa kilekile mara tatu.

Kitabu cha Rheine na njia ya Emsland, kaskazini-magharibi, kitakupa treni za madini ya chuma za tani 4,000 zikivutwa na vichwa viwili vya mizigo vya aina ya 44. Cha Hof, mji wa Bavaria, kitakupa vichwa vya treni za haraka vya aina ya 01 kwenye Schiefe Ebene, mlima wa karibu kilomita 7 wenye mwinuko wa 1 kwa 40, ambako mvuke unaonekana kwa nguvu zake zote. Kwa upande wa mashariki tafuta cha mji wa Saalfeld. Na kama unapenda watu, mashamba na stesheni ndogo kuliko mashine yenyewe, mtafute mpiga picha Ludwig Rotthowe, aliyepiga sana mkoa wa Westfalen.

Sasa maelezo ya picha. Maelezo kamili yana namba ya kichwa, karakana yake (huandikwa Bw), mahali, tarehe, na ikiwezekana namba ya treni. Herufi D mbele ya namba ya treni ni treni ya haraka ya masafa marefu, E ni ya haraka kiasi, P au N ni ya abiria ya kawaida. Hivyo vyote unavisoma bila kujua Kijerumani, na unaweza kuvipima mwenyewe.

Kipimo cha kwanza ni mwaka. DB ilibadilisha namba tarehe 1 Januari 1968: 01 ikawa 001, 50 ikagawanyika kuwa 050 hadi 053, 44 ya makaa ikawa 044 na ya mafuta 043. Picha iliyoandikwa 1965 ikiwa na bamba la 044 ina tarehe ya uongo. DR ilibadilisha mwaka 1970 kwa mtindo wake: tarakimu mbili za aina, kisha nne.

Kipimo cha pili, kwenye namba hizo mpya, ni tarakimu ya mwisho baada ya kistari, ambayo ni ya kuhakiki namba. Zidisha zile sita za mbele kwa 1, 2, 1, 2, 1, 2 kuanzia kushoto. Jibu likizidi 9, jumlisha tarakimu zake. Jumlisha yote, kisha tazama kinachopungua kufika kumi inayofuata. Mfano 043 903-4: unapata 0, 8, 3, kisha 18 ambayo ni 9, kisha 0, kisha 6. Jumla 26, imepungua 4 kufika 30. Namba ni sahihi. Hesabu hiyohiyo inafanya kazi mashariki: 50 3559-7 inatoa 23, imepungua 7. Pima namba tano katika kurasa za mfano ambazo muuzaji ameweka. Mbili zikikataa, mhariri hakuwa makini, na tarehe zake pia usiziamini.

Kipimo cha tatu ni miaka ya mwisho. Hiyo 043 903 ndiyo iliyofunga kazi ya mvuke DB, mjini Emden, tarehe 26 Oktoba 1977. Baada ya hapo DB ilikataza mvuke kwenye reli zake hadi sherehe za miaka 150 ya reli mwaka 1985. Mashariki, kazi ya kawaida kwenye reli za upana wa kawaida iliishia Halberstadt tarehe 29 Oktoba 1988, na kichwa kilikuwa 50 3559. Picha za baada ya tarehe hizo ni za treni za makumbusho, au za "Plandampf", ambapo wapenzi hulipia treni ya ratiba ivutwe na mvuke ili wapige picha. (Reli nyembamba kama za milima ya Harz ni habari nyingine, huko mvuke unafanya kazi hadi leo.) Plandampf ina picha safi sana, lakini haina kazi halisi ndani yake: makaa yaliyomwagika, masizi ubavuni, fundi aliyechoka. Mimi nalipia kazi halisi. Tatizo ni vitabu vinavyochanganya vyote viwili bila kutaja mwaka. Hivyo viache.

Uchapaji ndio unaoangusha vitabu vingi, kwa sababu kichwa cha mvuke ni cheusi, kimepigwa juani, na juu yake kuna mvuke mweupe. Mchapaji dhaifu anapoteza ncha zote mbili. Usitazame boila. Chukua picha ya 01 kutoka ubavuni, angalia gurudumu kubwa, lile la kipenyo cha mita 2, kisha tazama katikati ya spoku zake, kwenye kivuli chini ya ubao wa kutembelea. Unatakiwa uone kiatu cha breki, bomba la mchanga linaloshuka mbele ya gurudumu, na springi. Ukiona weusi mtupu, wino umejaa. Halafu panda kwenye mvuke: lazima uone mikunjo, si karatasi tupu.

Ukiwa na lenzi ya kukuzia mara 10, tazama doti. Doti nyeusi peke yake ni wino mmoja, na hapo kijivu huwa hafifu. Wino mbili, nyeusi na kijivu, hutoa kivuli kirefu, na ndicho unachokitaka. Ukiona doti za rangi kwenye picha ya nyeusi na nyeupe, ni wino nne; hapo angalia kama kurasa zinageuka kijani au wekundu kadiri unavyofunua.

Kwa picha za rangi za miaka ya 1960, slaidi za Kodachrome zimetunza rangi. Filamu nyingine nyingi za wakati ule, pamoja na ORWO za mashariki, zimehama rangi. Toleo jipya lililoskaniwa na kusahihishwa mara nyingi hushinda toleo la zamani. Kwa nyeusi na nyeupe siwezi kusema hivyo. Baadhi ya vitabu vya zamani vina weusi mzito ambao matoleo mapya hayaufikii.

Kagua na ushonaji. Fungua katikati ya fungu la kurasa 16: ukiona uzi, kimeshonwa. Kama ni gundi tupu, hasa cha miaka ya 1970, gundi hukauka na kurasa hudondoka ukikifungua kwa upana. Na picha ikivuka kurasa mbili, bomba la moshi likazama kwenye mkunjo, hiyo ni picha iliyoharibiwa.

Kuhusu bei: Ujerumani vitabu vipya vina bei moja kisheria, kwa hiyo usipoteze muda kutafuta punguzo. Punguzo linapatikana kwenye mitumba, au kwenye nakala zenye alama "Mängelexemplar", yaani zenye kasoro. Kwa mitumba tumia tovuti za ZVAB, Booklooker na eBay ya Ujerumani. Kwenye tangazo, "SU" ni jalada la karatasi la nje, "stockfleckig" ni madoa ya kahawia ya unyevu, "wellig" ni kurasa zilizojikunja kwa maji, "Namenseintrag" ni jina la mwenye kitabu limeandikwa ndani. Jina halina neno. Ukiona "wellig" pita, kwa sababu karatasi za kung'aa zilizolowa huwa zimegandana mahali.

Piga hesabu ya uzito kabla ya kulipa, maana nauli inaweza kupita bei ya kitabu. Gawa kurasa kwa mbili, zidisha kwa eneo la ukurasa (A4 ni mita za mraba 0.0624), zidisha kwa gramu za karatasi. Kurasa 192 za gramu 150 zinafika karibu gramu 900. Ongeza 300 hadi 350 za jalada gumu. Yaani kilo 1.2 na ushee. Vitabu vinne ni karibu kilo tano, kwa hiyo mwombe muuzaji mmoja avitume pamoja.

Kwa mliopo Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar: hewa ya pwani ndiyo adui. Viweke wima kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko, pamoja na vifuko vya silika jeli. Jeli ikibadilika rangi, ikaushe kwenye oveni nyuzi 120 za Selsiasi kwa saa mbili. Kitabu kikilowa, usikiache kikauke kikiwa kimefungwa. Pitisha karatasi tupu kati ya kila ukurasa kingali kibichi, zibadilishe zikilowa. Kama huna muda siku hiyo, kifunge kwenye plastiki ukitie kwenye friza hadi upate nafasi.