Kwanza ondoeni alama mkononi mwake

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Je, madawati ya jinsia yanatosha kushughulikia malalamiko ya unyanyasaji wa kingono vyuoni?" Hayatoshi. Lakini sitaki kuyasema madawati, wengi wamekwisha kuyasema. Mimi nafanya kazi ofisi ya mitihani ya chuo kimoja hapa Tanzania (sitakitaja, bado wananilipa mshahara), na nilivyoona mimi, malalamiko mengi hufa kabla hayajafika dawatini. Yanafia kwenye alama.

Kwa wasiojua mambo yetu: katika vyuo vingi alama 40 za somo zinatokana na kazi za muhula, kosiweki, na 60 zinatokana na mtihani wa mwisho. Hizo 60 zina walinzi wengi. Mwanafunzi anaandika namba badala ya jina, mtahini wa nje, yaani mwalimu kutoka chuo kingine, anazipitia karatasi, idara inakaa kikao, kitivo au ndaki inakaa chake, mwishowe seneti. Zile 40 hazina mlinzi. Majaribio, kazi za kikundi, mwanafunzi kusimama mbele ya darasa na kuwasilisha, vyote vimo kwenye kompyuta ya mtu mmoja, na vipo vyuo ambavyo usipofikisha kiwango cha kosiweki hata chumba cha mtihani huingii. Tasnifu ndiyo balaa zaidi. Msimamizi ni mmoja, ofisi ni yake, na bila sahihi yake huwasilishi. Wala hahitaji kukataa kusaini. Anasema tu, "Bado, kairekebishe sura ya tatu." Mwezi unapita, unakuja mwingine.

Sasa mwambie mwanafunzi huyo aende kulalamika. Atapiga hesabu kama mtu yeyote mwenye akili. Muhula una wiki chache, kamati za chuo hazina haraka, na anayemlalamikia ndiye bado anashika kalamu nyekundu. Akipata sapu, yaani mtihani wa marudio, atalipa kwa likizo yake. Akidisko, yaani akiondolewa masomoni kwa kufeli, mkopo wa Bodi ya Mikopo umekwisha, na kijijini watasikia tu kwamba alishindwa masomo.

Namkumbuka mmoja aliyethubutu. Barua yake ilipitia kwa mkuu wa idara, kwa kuwa utaratibu ulitaka kila barua ya mwanafunzi ipitie huko. Mkuu wa idara alikuwa amesimamiwa shahada yake ya uzamili na huyohuyo aliyelalamikiwa. Barua ilipokelewa asubuhi, na kufikia jioni mlalamikiwa alikuwa anajua kila kilichoandikwa. Hakumtisha mtu wala hakumfokea. Aliendelea tu kusahihisha. Kosiweki zilipobandikwa, binti alikuwa chini ya kiwango, na ofisi ya mitihani iliziingiza alama hizo kwa sababu fomu ilikuwa na sahihi zote zinazotakiwa. Kamati ilikaa muhula uliofuata ikaona ushahidi hautoshi. Ungetosha vipi? Mwalimu hakuwa na haja ya kufanya lolote zaidi ya kazi yake ya kila siku.

Sheria tunayo. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kilifanya kuwa kosa kwa mwenye mamlaka kudai ngono kama sharti la kutoa ajira, cheo, haki au upendeleo, kwa adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Mwaka 2024 yakaja mapendekezo kwamba na anayetoa ngono ashitakiwe, na wanaharakati walipiga kelele, kwa haki kabisa: ni mwanafunzi gani atakayekwenda kulalamika akijua huenda akatoka huko yeye ndiye mshitakiwa? Lakini hata sheria ikiwa nzuri, inashughulika na jinai iliyokwisha kutendeka. Haimsaidii mwenye mtihani wiki ijayo.

Na usidhani walimu hawajui. Novemba 2018, Rais Magufuli alipokwenda kuzindua maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mhadhiri wa chuo hichohicho, Dk. Vicensia Shule, alimwandikia Twitter kwamba rushwa ya ngono imekithiri pale. Yaliyofuata ni yeye kuitwa kuhojiwa. Ikiwa mhadhiri mwenye shahada ya uzamivu anapitia hayo, msichana wa mwaka wa kwanza asiyejua hata ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi iko wapi afanyeje? Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, nao walikuwa na sera yao dhidi ya unyanyasaji wa kingono tangu 2006. Mwaka 2018 bado ilibidi waunde kamati chini ya Profesa Sylvia Tamale kuchunguza kwa nini tatizo halikomi. Sera haikuwa imekosekana.

Mwaka huohuo wa 2018, Nigeria, ilisambaa sauti ya profesa wa Chuo Kikuu cha Obafemi Awolowo akimdai mwanafunzi ngono mara tano ili amrekebishie alama. Profesa huyo, Richard Akindele, alifukuzwa kazi, na Desemba mahakama ikamfunga miaka 2. Watu walishangilia. Mimi sikushangilia sana, kwa sababu ushahidi ule aliukusanya mwanafunzi mwenyewe, peke yake, kwa simu yake. Utaratibu unaomtaka mwanafunzi awe mpelelezi ndipo asikilizwe haujamfaa yeyote asiye na ujasiri wa namna ile, na wengi wetu hatuna.

Nje ya bara letu kuna kesi moja ninayoipenda. Mwaka 1977 wanafunzi wa kike wa Yale, Marekani, walikishitaki chuo chao kwa kutumia Title IX, sheria ya 1972 inayokataza ubaguzi wa jinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu. Mmoja wao alisema profesa alimwahidi A akikubali kulala naye, na alipokataa akapewa C. Hawakudai fidia. Walichotaka ni chuo kiwe na utaratibu wa kupokea malalamiko. Walishindwa, rufaa nayo wakaipoteza mwaka 1980, ila kufikia hapo Yale ilikuwa imekwisha kuuanzisha utaratibu wenyewe, na vyuo vingine vikafuata. Tangu hapo Wamarekani hawajaacha kugombana. Kanuni za 2020 zilitaka vyuo vikuu vifanye kikao ambamo mlalamikaji anahojiwa na mshauri wa upande wa pili; kanuni za 2024 zikalegeza; Januari 2025 mahakama ikazifuta hizo za 2024. Lakini katika kuvutana kote huko, kanuni zote mbili ziliacha mahali pake jambo moja: hatua za kumsaidia mlalamikaji zinazochukuliwa mapema, bila kusubiri hukumu, na ambazo si adhabu kwa mlalamikiwa.

Hilo ndilo ninalolitaka hapa kwetu. Siku lalamiko linapopokelewa, kosiweki, karatasi za mtihani na usimamizi wa tasnifu ya mwanafunzi huyo vihamie kwa mwalimu mwingine. Ofisi ya mitihani ipewe namba ya usajili na jina la somo, basi, kisa chenyewe haituhusu. Alama zilizokwisha kutolewa zisahihishwe upya na mtu wa pili. Na barua isipitie idarani kabisa.

Najua nitaambiwa wavivu watalalamika ili wamkwepe mwalimu mkali. Watapata nini? Msahihishaji mwingine mwenye mwongozo uleule wa majibu. Aliyeandika utumbo ataanguka hata kwa huyo. Mwalimu asiye na hatia naye anapona, maana akisafishwa na kamati hakuna wa kusema alimwangusha binti kwa kulipiza kisasi. Nimewahi kuona mwalimu mwadilifu akiishi na tuhuma za aina hiyo miaka, na hakuna karatasi ya kumtetea. Kwa idara ndogo yenye mtaalamu mmoja tu, karatasi zipelekwe chuo kingine, kama tunavyowaita watahini wa nje kila mwaka bila mtu kulalamika.

Bunge halihusiki hapa. Kanuni za mitihani hupitishwa na seneti ya chuo. Kwetu hata fomu ya kubadilisha msahihishaji ipo, tunaijaza mwalimu anapougua au anapokwenda masomoni. Ina nafasi ya kuandika sababu, na sababu zinazokubalika zimeorodheshwa chini yake. Hii haimo.