Barua za Wasomaji: Viola, zambarau na urujuani

Barua nne mara hii, na zote za rangi moja.

*Nauza madera Malindi na wateja wangu wengi ni Waitaliano. Mmoja aliagiza madera sita ya "viola". Nilimpelekea ya zambarau iliyokoza, akayakataa. Fundi wangu asema viola ndiyo urujuani. Mwanangu wa sekondari asema zambarau na urujuani ni rangi mbili mbali. Nani kasema kweli?*
— Muuza madera, Malindi

Kila mmoja ana lake la kweli. Tuanze na mteja. Kwa Kiitaliano viola ni ua kwanza, rangi baadaye. Ua lenyewe ni dogo, la petali tano, lapenda kivuli na baridi. Pwani yetu halimei. Lakini jina lake limepanuka hadi kumeza karibu kila kilicho kati ya nyekundu na buluu. Mtaliano akitaka ile nyepesi husema lilla. Kwa hiyo "viola" peke yake kwenye oda haitoshi, sawa na mtu kukuagiza kitambaa cha kijani asiseme kijani kipi.

Mwanao naye anasema ya darasani. Katika rangi saba za upinde wa mvua, ya mwisho baada ya nili ni urujuani: mwanga wa mawimbi mafupi kuliko yote tunayoyaona, takriban nanomita 380 hadi 450. Zambarau haimo kwenye upinde. Jicho huiona pale nyekundu na buluu zinapoingia pamoja. Sokoni hakuna apimaye mawimbi, na watu huyabadilishana maneno haya mawili kila siku, hivyo fundi naye hajakosea.

Linalopendeza ni kwamba sisi hatukuanzia kwenye ua, tulianzia kwenye tunda. Jina zambarau ni la upande wa India: Wamarathi huliita tunda jambhul na rangi yake jambhla. Wahindi wana jamuni kutoka jamun, tunda lile lile, na baingani kutoka biringani. Wahispania husema morado, kutoka mora, yaani forosadi. Basi usione ajabu manjano yetu kuwa kiungo cha mchuzi, kahawia kuwa kahawa na kijivu kuwa jivu.

Na kwa kuwa zambarau ni jina la kitu, haikubali viambishi. Tunasema nguo nyeupe, mkoba mwekundu, viatu vyeusi. Lakini ni mkoba wa zambarau, viatu vya zambarau. Ukisema "mkoba mzambarau" umeuotesha mizizi. Kiitaliano kina tabia hiyo hiyo: rosso hugeuka kuwa rossa na rossi, ila viola haigeuki, sketi moja ni gonna viola, nyingi ni gonne viola. Wafaransa wametenganisha: ua ni violette, rangi ni violet, na ukimwambia Mfaransa pourpre atafikiria rangi iliyoegemea wekundu. Mjerumani huita ua Veilchen na rangi violett au lila. Usimtajie Veilchen ukiwa dukani, maana neno hilo pia ni jicho lililovimba kwa ngumi.

Sasa oda yako. Usitegemee neno, wala usitegemee picha ya simu. Kioo cha simu kina taa za rangi tatu tu, nyekundu, kijani na buluu, kwa hiyo urujuani wa kweli hakiwezi kuutoa, huuigiza. Mbaya zaidi, katika orodha ya majina ya rangi itumiwayo kwenye kompyuta, "violet" ni nyekundu 238, kijani 130, buluu 238, ambayo machoni ni karibu na pinki. "Purple" ni 128, 0, 128, nayo imekoza. Huenda mteja wako alichagua ya kwanza wewe ukapeleka ya pili. Mwombe namba hizo tatu, kisha mpelekee kipande cha kitambaa upana wa kiganja kabla ya kukata madera yote. Kiangalieni mchana, kivulini nje ya mlango. Vitambaa viwili vinaweza kufanana kabisa chini ya taa ya duka na kuachana vikitoka nje, kwa sababu rangi zilizotiwa si za aina moja.

Jambo dogo la nyongeza: mteja akiwa mtu wa jukwaani, muulize mara mbili. Waigizaji wa Italia huikwepa viola kama nuksi. Ndiyo rangi ya mavazi ya kanisani wakati wa Kwaresima, na zamani majumba ya maigizo yalifungwa msimu huo, wasanii wakalala njaa.

*Mwalimu wetu asema banafsaji na urujuani yote ni Kiarabu. Ni kweli? Na je, ni kweli kwamba aidini ya dukani imepewa jina la ua hili? Mbona rangi yake ni ya hudhurungi?*
— Mwanafunzi, Mkomani, Lamu

Yamepitia Kiarabu, lakini hayakuanzia huko. Banafsaj, yaani viola, ni la Kiajemi, banafsha, na limesambaa hadi Uturuki likawa menekşe. Urjuwan ni ndugu wa arghavan la Kiajemi, mti unaochanua maua ya pinki iliyokoza kabla haujatoa majani. Ukoo wake ni mkongwe: Kiebrania kina argaman, Kiakadi cha Babeli kilikuwa na argamannu, na yote mawili yalitaja nguo zilizotiwa rangi ya konokono wa baharini. Rangi hiyo iliegemea wekundu. Kwa hiyo ukisoma urjuwan katika maandishi ya kale ya Kiarabu, usifikirie ncha ya upinde wa mvua, fikiria damu ya mzee. Ghali yake haikuwa mchezo: mwaka 1909 mkemia Paul Friedländer alitumia konokono 12,000 akapata gramu 1.4 tu za rangi.

Kuhusu aidini, ndiyo. Wagiriki waliliita ua la viola ion. Bernard Courtois aliigundua aidini Ufaransa mwaka 1811 akishughulikia majivu ya mwani, na jina likatokana na mvuke wake, ambao ni wa urujuani. Ile ya kupaka kidonda imeyeyushwa katika spiriti, na humo hugeuka hudhurungi.

*Kanzu nyeupe ya pamba imedondokewa na zambarau. Nimesugua kwa sabuni ya kipande, doa limegeuka buluu chafu. Nifanyeje?*
— Mama wa watoto watatu, Langoni, Lamu

Sabuni ndiyo iliyoligeuza, mama. Rangi ya tunda hili huwa nyekundu ikikutana na kitu kichachu, na hukimbilia buluu au kijani ikikutana na magadi au sabuni ya kipande. Ua la viola lina rangi za ukoo huo huo: mwaka 1664 Robert Boyle alieleza jinsi sharubati yake inavyogeuka nyekundu kwa asidi na kijani kwa alkali, na wakemia wakaitumia kama kipimo.

Suuza sabuni yote kwa maji baridi, ukimimina kutoka upande wa ndani ili rangi isukumwe nje, isizame. Changanya kijiko kikubwa cha siki nyeupe, au maji ya ndimu yaliyochujwa, na kikombe cha maji. Lowesha doa dakika 20. Litarudi wekundu na kuanza kulegea. Usishtuke, hapo ndipo unapopataka. Suuza sana. Kilichobaki kitie hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, iache nusu saa kivulini, suuza, rudia mara moja kama bado. Sabuni ije mwisho.

Yanayoharibu ni matatu. Pasi na jua kali kabla doa halijatoka hulikausha likagoma. Ndoo yenye kutu ni mbaya zaidi: ule ukakasi unaokaza ulimi ukila zambarau ni tanini, na tanini ikikutana na chuma huwa nyeusi kama wino. La tatu ni la hatari kwako, si kwa kanzu: usichanganye siki na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, hutoa gesi inayochoma mapafu. Kama shingo ina darizi ya rangi, jaribu peroksaidi kwanza kwenye upindo wa ndani.

*Nimeuziwa mmea wa chungu wenye maua ya zambarau, nikaambiwa ni "vayoleti ya Afrika". Majani yamefanya madoa ya duara yaliyopauka, na ukingo wa chungu una ukoko mweupe. Je, ni viola hii, na inaugua nini?*
— Msomaji, Shela, Lamu

Si viola, hata familia zao ni mbali. Umefananishwa rangi tu. Baroni Walter von Saint Paul-Illaire aliupata milima ya Usambara, na mwaka 1893 Hermann Wendland akauita Saintpaulia ionantha. Ionantha ni Kigiriki, "wenye maua kama ion". Siku hizi wataalamu wameuhamishia kundi la Streptocarpus. Ndugu yake wa porini anaota kwenye mawe ya chokaa huku huku kwetu, Kaunti ya Kilifi, naye yuko hatarini kutoweka. Ukimwona mwache alipo.

Madoa hayo si ugonjwa. Ni maji baridi kuliko jani yaliyoliangukia. Acha maji yakae ndani ya nyumba mpaka yapoteze ubaridi, yatie kwenye kisahani chini ya chungu, subiri nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki, la sivyo mizizi itaoza. Ukoko mweupe ni chumvi ya kisima. Chungu kikikaa nao, vikonyo vinavyogusa ukingo huoza. Ufute, kisha tumia maji ya mvua ya jabia. Uweke mmea penye jua la asubuhi tu. La saa sita huunguza majani.

Kama shina limeshalainika, okoa jani zima: likate na kikonyo cha sentimita 3 hadi 4, lichomeke kwa mshazari kwenye mchanga na mboji, funika na mfuko mwangavu uliotobolewa. Mizizi huchukua wiki tatu au nne, na miche midogo huchomoza chini ya jani baada ya wiki nyingine kadhaa.