Maswali ya Wasomaji: Mtoto Hasogei Mpaka Mzazi Asogee

*Mwezi huu barua nyingi zinahusu watoto wasiotaka kutoka nje, na wazazi waliochoka kuwasukuma. Tumechagua nne.*

Mwanangu ana miaka 9. Basi la shule humchukua saa 11 na nusu alfajiri na kumrudisha saa 11 jioni. Akifika tu, simu. Namwambia kila siku akacheze, hasikii. Mwalimu wa michezo anasema akikimbia kidogo anahema. Nifanyeje? – Baba, Kyanja, Kampala

Ndugu, akirudi anakukuta wapi? Kama ni kwenye kochi, na wewe una simu mkononi, basi mtoto anakuiga vizuri tu. Amri ya "nenda kacheze" ikitoka kwa mtu aliyelala chali haina uzito.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuchangamsha mwili, na walau siku 3 kwa wiki ziwe na mazoezi ya nguvu: kukimbia kwa kasi, kuruka, kubeba uzito wa mwili wake. Mtu mzima anatakiwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Piga hesabu: nusu saa ukiwa na mtoto, siku 5, wewe umefikisha 150 na yeye amepata nusu ya fungu lake la siku hizo. Nusu iliyobaki aipate shuleni wakati wa mapumziko na kwa kutembea.

Saa nazo zinabana. Mtoto wa umri huo anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Anayeamka saa 11 alfajiri lazima awe kitandani saa 2 usiku, na giza huingia karibu saa 1. Kwa hiyo mchezo uwe mara tu anapovua sare, kabla ya kuoga na kabla ya kazi za shule. Siku ambazo kazi inakuchelewesha, mama, shangazi au kaka mkubwa ashike zamu. Zako ziwe Jumamosi na Jumapili bila kukosa.

Chezeni kwepena. Warushaji wawili wasimame hatua 8 hivi, mmoja kila upande, na anayekwepa awe katikati. Mpira wa soksi zilizoviringishwa unatosha, tena hauumizi. Wiki ya kwanza dakika 10, kisha ongeza 5 kila wiki mpaka 30. Kipimo cha kasi ni mdomo: anaweza kuongea lakini hawezi kuimba, hapo ni sawa. Akishindwa hata kuongea, punguzeni. Na baba naye aingie katikati akwepe! Baba wa kurusha tu, mkono mmoja ukishika simu, huwa amekwisha kuacha ndani ya wiki mbili.

Makosa tunayoyaona sana ni mawili. Kwanza, kuanza Jumamosi kwa mbio za kilomita 5. Jumapili miguu inauma, Jumatatu mtoto anajificha. Pili, kurusha watoto kichura kama adhabu. Ukimwadhibu mtoto kwa zoezi, umemfundisha kwamba zoezi ni adhabu.

Lakini kuhema kukija na mluzi kifuani, maumivu ya kifua au kuzirai, msianze lolote kabla daktari hajamwona.

Mume wangu hutia vijiko vinne vya sukari kwenye chai na hanywi maji, ni soda. Watoto wa miaka 7 na 10 sasa wanadai vivyo hivyo. – Mama, Bombo

Dada, usianze na watoto, anza na bakuli la sukari. Liondoe mezani. Sukari ipimwe jikoni, iingie kwenye sufuria ya chai, na kila mtu anywe chai ileile. Punguza nusu kijiko kwa kikombe kila wiki. Ukikata yote kwa siku moja, mzee ataasi na watoto watamfuata.

Mpe mzee hesabu badala ya lawama. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina kama gramu 4. Kile cha kujaza kilima kina zaidi. Soda ya chupa ya mililita 300 ina kama gramu 32, yaani vijiko 8. Uingereza wameweka kikomo cha gramu 24 kwa siku kwa mtoto wa miaka 7 hadi 10, kwa hiyo chupa moja imekwisha kupita. Juisi ya boksi isiwe mbadala, nayo ni tamu vilevile. Akitaka soda yake, anywe kazini. Nyumbani liwepo jagi la maji yaliyochemshwa, na yeye awe wa kwanza kujimiminia watoto wakiona.

Mimi nauza sokoni mpaka usiku. Huo muda wa kucheza nautoa wapi? – Mama wa watatu, Busia

Usiutafute, upo kwenye safari zako. Asubuhi shukeni kwenye boda kilomita moja kabla ya shule. Kwa mtoto wa miaka 8 ni kama dakika 15. Tembeeni upande wa kulia wa barabara, magari yawajie usoni. Jioni, wakichota maji, mtoto asibebe jerikeni la lita 20: hizo ni kilo 20, na mtoto wa miaka 8 mwenyewe ana kama 25. Mpe mawili ya lita 5, moja kila mkono, mgongo ukiwa wima.

Mimi si mnene, mke wangu si mnene. Nitajuaje kama mtoto wa miaka 6 anazidi? – Mzee, Arua

Wembamba wenu haumkingi, na jedwali la uzito la watu wazima halimfai. Chukua kamba, ipime kutoka kisigino mpaka utosini, ikate. Ikunje katikati, iwe nusu. Mzungushie tumboni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi kwa kawaida. Wengine huvuta tumbo ndani kwa kuona haya, kwa hiyo mchekeshe kwanza. Ncha zikikutana, vema. Zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya urefu: mpeleke kituo cha afya wampime uzito na urefu kwa chati ya ukuaji. Usimpunguzie chakula kabla ya hapo, bado anakua.