Maswali ya Wasomaji: Kitabu Gani cha Ujauzito Ninunue?

Mwezi huu tumepokea barua nyingi kuhusu vitabu vya ujauzito. Wakunga wetu wamejibu tano.

Nina mimba ya kwanza, wiki 14. Dukani nimekuta vitabu vitatu vya ujauzito na kwa wauza mitumba nimekuta vingine viwili. Vyote vina picha nzuri, na hela yangu inatosha kimoja tu. Nitajuaje kipi kitanifaa?
*Mama Mtarajiwa, Morogoro*

Hongera sana, mama. Ruka sura za mwanzo. Huko vitabu karibu vyote vinafanana: wiki hii mtoto ni kama punje ya harage, wiki ile ni kama ndimu. Inapendeza kusoma, ila kitabu hakipimwi hapo. Kipime kwa swali moja: tatizo likitokea usiku wa manane, kitakwambia uende hospitali saa ngapi?

Fungua faharasa mwishoni, tafuta “damu”, “kichwa”, “kucheza kwa mtoto”. Kisipokuwa na faharasa, angalia kama dalili za hatari zimewekwa ukurasa mmoja unaoonekana upesi. Mtu mwenye hofu hawezi kupekua kurasa 300.

Sasa soma wanavyoeleza maumivu ya kichwa. Baada ya wiki ya 20, kichwa kinachouma sana, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu makali chini ya mbavu, au uso na mikono kuvimba ghafla, huweza kuwa dalili za presha inayoelekea kwenye kifafa cha mimba. Kitabu kizuri kitasema hivyo waziwazi, kitataja kwamba presha ya 140/90 au zaidi si ya kuachwa, na kitakutaka ukapimwe siku hiyohiyo. Kitabu dhaifu kitakiweka kichwa kwenye orodha ya kero za kawaida, kikushauri upumzike na unywe maji. Ukikuta hivyo bila onyo lolote, kirudishe kwenye rafu.

Fanya vivyo hivyo kwa mtoto kucheza. Mwenye mimba ya kwanza kwa kawaida huanza kumsikia mtoto kati ya wiki ya 18 na ya 20, wengine baadaye kidogo. Mtoto akipunguza kucheza baada ya wiki ya 28, mama aende akapimwe siku hiyo, asisubiri kesho. Vipo vitabu vinavyosema mtoto hutulia mwishoni kwa sababu nafasi imekwisha. Si kweli, na maneno hayo yamewafanya akina mama wabaki nyumbani wakati walipaswa kuwa hospitali. Damu kutoka ukeni, hata kidogo, na chupa ya maji kupasuka hata kama hakuna uchungu, navyo viandikwe “nenda sasa”.

Kipimo cha pili ni malaria, kwa sababu kinakuonyesha mara moja kama mwandishi alimfikiria mama anayeishi Morogoro. Tafuta SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria. Vidonge vitatu humezwa kwa pamoja kliniki, kuanzia wiki ya 13, kisha tena baada ya angalau mwezi mmoja, hadi dozi zifike tatu au zaidi kabla ya kujifungua. Kitabu makini kitaongeza mambo mawili ambayo husahauliwa: foliki asidi ya miligramu 5 hupunguza nguvu ya SP (ile ya 0.4 haina shida), na mama anayetumia kotrimoksazoli, ile wengi wanayoiita Septrini, hapewi SP. Kinachotaja chandarua tu kimeishia njiani.

Halafu angalia kama kina vipimo. “Kula vizuri” si maelekezo. Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza madini ya chuma miligramu 30 hadi 60 pamoja na foliki asidi miligramu 0.4 kila siku. Kitabu kieleze pia kwamba vidonge hivyo hufanya choo kiwe cheusi na wakati mwingine kigumu. Mama asiyejua hilo huona choo cheusi, akaogopa, akavitupa. Visimezwe na chai, maana chai huzuia chuma kuingia mwilini. Acha saa moja au mbili zipite. Na kwa wanaotafuna udongo wa Pemba, tunataka kitabu kinachowaambia bila kuwasuta kwamba udongo nao huzuia chuma na unaweza kuleta minyoo.

Mwisho, linganisha ratiba ya kliniki. Tangu 2016 WHO inapendekeza mahudhurio manane: kabla wiki 12 hazijaisha, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Kitabu kinachotaja manne kinafuata mpango wa zamani. Kikitofautiana na tarehe aliyoandika muuguzi kwenye kadi yako, fuata kadi.

Mdogo wangu aliyeko London amenitumia kitabu kikubwa cha ujauzito. Kinakataza kabisa kula maini. Kliniki nimepimwa damu ni 9, na jirani zangu wote wananiambia nile maini. Nimsikilize nani?
*Mama Zuhura, Tanga*

Kitabu hakijakosea, Mama Zuhura, na jirani nao wana sababu. Maini yana chuma kingi, lakini pia yana vitamini A nyingi mno, na ikizidi, hasa miezi mitatu ya mwanzo, inaweza kumdhuru mtoto. Gramu 100 za maini ya ng’ombe zina zaidi ya mikrogramu 4,000 za vitamini A, ilhali kikomo cha WHO kwa mjamzito ni 3,000 kwa siku. Uingereza, ambako maini si tegemeo la mtu, wameona rahisi kuyakataza moja kwa moja. Wewe epuka kuyala kila siku, na kama mimba bado changa yaache kwanza. Baadaye, kipande kidogo mara moja kwa wiki hakina haja ya kukutia hofu. Chuma kipate pia kwenye nyama, dagaa, maharage na mchicha, ukikamulia ndimu.

Lakini damu ya 9 haipandishwi na chakula peke yake. Chini ya 11 mjamzito huhesabiwa ana upungufu wa damu, na tiba inayopendekezwa ni chuma miligramu 120 kwa siku hadi ifike 11. Mwulize muuguzi kama dozi yako imebadilishwa tangu upimwe.

Usikitupe hicho kitabu. Sura za uchungu, kupumua, mikao ya kujifungulia na kumweka mtoto kwenye titi zinafaa popote. Malaria ndiyo hutaikuta humo, na nafasi yake utakuta kurasa nyingi za jibini laini na kinyesi cha paka. Ultrasound za wiki ya 12 na ya 20 ni utaratibu wa kwao. WHO inapendekeza angalau moja kabla ya wiki ya 24. Namba za dharura zilizochapishwa nyuma hazitakusaidia Tanga. Bandika karatasi juu yake, andika namba ya kituo chako cha afya na ya dereva anayekubali kuamshwa usiku.

Wanaoletewa vitabu kutoka Marekani wana kazi ya ziada ya kubadilisha vipimo. Parasetamoli huko huitwa acetaminophen. Homa ya 100.4 ni nyuzi 38 zetu. Uzito wa pauni ugawe kwa 2.2 kupata kilo. Sukari ya damu iliyoandikwa kwa miligramu igawe kwa 18 ndipo uilinganishe na mashine zinazotumika hapa.

Shangazi amenipa kitabu alichokitumia yeye akiwa na mimba. Ndani kimeandikwa toleo la kwanza 1996, chapa ya nne 2009. Nataka kukitumia kwa heshima yake, lakini naogopa kimepitwa na wakati.
*Binti wa Dodoma*

Umefanya vema kusoma ukurasa huo, wengi huuruka. Toleo ni maandishi yaliyofanyiwa marekebisho. Chapa ni kurudia kuchapa yaleyale. Kwa hiyo kitabu chako ni cha 1996, hata kama karatasi ni za 2009. Wauzaji wengine huonyesha mwaka wa chapa kama vile ndio umri wa ushauri.

Sura tatu zifunge kwa klipu, usizifuate. Ya kwanza ni ya virusi vya UKIMWI. Vitabu vya miaka ile humkataza mama mwenye virusi kunyonyesha, au humtaka aachishe mapema. Leo huanza ARV mara anapogundulika na huzitumia maisha yake yote. Hunyonyesha maziwa yake pekee miezi sita, kisha huendelea pamoja na vyakula vingine mwaka mmoja au zaidi, mradi dawa asiziache.

Ya pili ni tiba ya malaria kwenye mimba changa. Zamani jibu lilikuwa kwinini. Tangu 2022 WHO inapendekeza dawa mseto ya artemeta na lumefantrini hata miezi mitatu ya mwanzo. Ya tatu ni dawa za maumivu. Ibuprofeni na diklofenaki huuzwa kila duka la dawa, na vitabu vya zamani huzitaja kwa wepesi. Kuanzia wiki ya 20 zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi, hivyo usizimeze bila kuandikiwa na daktari.

Jambo dogo la nyongeza: kama kinaagiza mtoto aogeshwe mara tu akizaliwa, sasa tunasubiri saa 24 ili asipoteze joto. Michoro ya mwili na mikao ya kunyonyesha bado ni mizima. Mshukuru shangazi, na umwombe akueleze alichoandika pembeni mwa kurasa kama kipo.

Mke wangu ana wiki 30. Je, kuna kitabu cha baba?
*Baba Mtarajiwa, Nakuru*

Vipo, ila huhitaji kununua. Mkeo tayari ana kitabu cha kliniki cha mama na mtoto kinachotolewa na Wizara ya Afya. Soma humo dalili za hatari na mpango wa kujifungua, kisha mjaze wote wawili: hospitali gani, gari la nani, pesa ziko wapi, nani atatoa damu ikihitajika. (Vitabu vya namna hii vina historia ndefu: Japani ilianza kuwapa wajawazito daftari lao mwaka 1942, na 1948 ikaunganisha mama na mtoto katika kitabu kimoja.)

Ukitaka kununua cha ziada, hakikisha kina sura ya wiki sita baada ya kujifungua. Vingi humwacha mama mlangoni pa wodi. Wewe ndiwe utakayekuwa naye nyumbani, kwa hiyo ujue hili kwa moyo: pedi ikilowa damu ndani ya saa moja, arudishwe hospitali saa hiyohiyo.

Kitabu changu kinasema mimba ni wiki 38, kliniki wanasema 40. Nani amekosea?
*Msomaji, Mombasa*

Hakuna aliyekosea. Kitabu chako kinahesabu tangu mimba ilipotunga. Kliniki huanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ambayo hutangulia kwa kama wiki mbili. Ukisoma SP ianze wiki ya 13 halafu ukafuata hesabu ya kitabu hicho, utachelewa wiki mbili.

Tarehe ya makadirio ipate hivi: chukua siku ya kwanza ya hedhi, ongeza siku 7 na miezi 9. Hedhi ya tarehe 3 Juni inakupa 10 Machi. Kisha juu ya kila sura ya kitabu andika wiki za kliniki, yaani ongeza mbili. Tumia penseli, kwa sababu ultrasound ya mapema ikitoa tarehe nyingine utafuta na kuandika upya.