Kitabu cha wageni kitoke mezani, lakini tableti nayo iwekwe vizuri

*Wasomaji wanauliza, tunajibu*

SWALI: Habari yako mhariri. Mimi niko mapokezi kwa ofisi moja hapa Milimani, Kisumu, tuko watu kama 40 hivi. Bosi ameamua kitabu cha wageni kitoke, tununue tableti mgeni ajiandikishe mwenyewe, na wafanyakazi pia wajisajili hapo hapo wakiingia asubuhi. Anasema ni salama zaidi. Ni salama kweli ama tunahamisha tu kitabu tunakiweka kwa skrini? Na stima ikipotea je?
*Dada wa mapokezi, Kisumu*

JIBU: Asante dada kwa kuuliza kabla pesa haijatoka. Kuhusu kitabu bosi wako ako sawa kabisa. Kitabu kiko wazi mezani, mgeni wa saa nne anasoma jina na namba ya kitambulisho na simu ya kila mtu aliyeingia tangu asubuhi, na akitaka anapiga picha ukurasa mzima nyinyi mkiendelea kusalimiana. Mnakumbuka 2021 vile Wakenya wengi waliangalia kwa mtandao wakajipata ni wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawajawahi kujiunga navyo? Namba ya kitambulisho ikishatoka mikononi mwako hujui itatumika wapi, na hilo linaumiza watu wa kawaida kabisa.

Lakini tableti haiwi salama ju ni tableti. Jambo la kwanza ni kuuliza kidogo. Jina, anatoka wapi, anakuja kuona nani, na simu kama kweli mtaihitaji. Namba ya kitambulisho wengi wanaiandikisha ju kitabu cha zamani kilikuwa na hiyo safu tu, hakuna mtu amewahi kuifanyia kazi. Kama lazima mjue mgeni ni nani, soja akiangalie kitambulisho na macho, akirudishe hapo hapo. Sheria ya walinzi wa kibinafsi ya 2016 inamruhusu kukuuliza wewe ni nani na kuandika saa ya kuingia na kutoka, lakini inasema pia habari hizo ni siri na zisitumike kwa kazi nyingine.

Sasa hapa kwa skrini ndo watu wanakosea sana, na ningeomba ukae na huyo anayewauzia programu mpitie pamoja kitu kimoja kimoja. Jaribu kuandika herufi mbili za jina uone kama kibodi inakupendekezea jina la mgeni aliyepita, maana kibodi za tableti zinakumbuka, hiyo sehemu izimwe. Mgeni akiacha kujaza katikati akaenda kupokea simu, skrini ijifute yenyewe baada ya sekunde chache. Angalia vile mgeni anachagua mwenyeji wake: kama anaonyeshwa orodha ya wafanyakazi wote ashuke nayo na kidole, basi tapeli yeyote akitoka hapo amebeba majina ya ofisi nzima, heri aandike jina mwenyewe ju mgeni wa kweli anajua anakuja kwa nani. Na kuna hizi programu zinakumbuka mgeni wa zamani, unaweka namba ya simu na jina lake na kampuni yake vinatokea, inaonekana ni raha lakini mimi nikijua namba yako naweza kujua kama uliwahi kuja hapo. Kodi, yaani ile namba ya siri ya muda inayokuja kwa meseji, itumwe kwanza kwa simu yake ndo vitu vifunguke.

Tableti yenyewe ifungiwe kwa stendi, na ibaki kwa hiyo programu peke yake. Android tangu toleo la 5 ina njia ya kubandika programu moja kwenye skrini, kwa iPad inaitwa Guided Access, zote mnaweka pini ya kutoka. Pini isiwe 1234 tafadhali.

Hiyo kodi ya simu nayo msiiamini kupita kiasi. Inaonyesha tu kwamba laini iko mkononi mwake, haisemi yeye ni nani. Kinachozuia mtu mbaya ni mwenyeji. Mgeni akimaliza kujaza, mwenyeji apate meseji, na stika ya jina isitoke kwa printa mpaka mwenyeji ajibu kwamba ndio, namtarajia, nashuka. Asipojibu mgeni akae kwenye kiti mapokezi, hata kama amevaa suti. Kwa hivyo dada bosi asifikirie tableti inachukua nafasi yako ama ya soja. Yule mzee ametoka Ahero na kabambe yake, hajawahi kushika skrini kubwa hivyo, atahitaji mtu wa kumwandikia bila kumfanya ajisikie mjinga mbele ya watu.

Stima ikipotea, tableti ina betri yake lakini waifai inazima, kwa hivyo chagueni programu inayoweka habari ndani kisha inazituma mtandao ukirudi. Na muwe na karatasi ndogo ndogo, kila mgeni yake, anajaza anaitumbukiza kwa sanduku lenye kufuli. Msirudi kwa kitabu hata siku moja. Orodha ya walio ndani pia ifunguke kwa simu ya yule anayesimamia mambo ya moto, ju moto ukishika hiyo tableti hamtairudia, na orodha itakuwa ya kweli tu kama watu wanatoka vizuri, mgeni arudishe stika kwa soja yeye amtoe kwa mfumo.

Mwisho ni sheria. Ofisi ya watu 40 inafaa kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data chini ya Sheria ya 2019, cheti kinakaa miaka 2. Wekeni maandishi mafupi hapo juu ya tableti yanasema mnachukua nini, ya nini, na mtafuta lini. Mimi ningesema siku 30 zinatosha. Habari zikivuja Kamishna aambiwe ndani ya saa 72.

SWALI: Nafanya packing kwa shamba la maua upande wa Naivasha. Tunaingia kazini na kidole, changu kinakataa karibu kila asubuhi na supavaiza anasema nimechelewa, masaa yanakatwa. Nifanye nini?
*Mfanyakazi, kaunti ya Nakuru*

JIBU: Pole sana, hili si kosa lako. Maji, dawa na kazi ya mikono vinasugua mistari ya kidole mpaka mashine haioni kitu. Omba wakuandikishe tena vidole kadhaa vya mikono yote miwili, na ukaushe mkono kabla ya kuweka. Ikikataa bado, wawe na njia nyingine, kadi ama pini. Alama ya kidole sheria inaihesabu kama data nyeti, na pini ikiibiwa unabadilisha, kidole hubadilishi, kwa hivyo hata mwajiri mwenyewe anafaa kujiuliza kama lazima iwe kidole. Kila siku mashine ikikukataa, supavaiza aandike saa yako kwa karatasi na nyote mtie sahihi siku hiyo hiyo, alafu piga picha ukae nayo.

SWALI: Niliacha namba yangu getini kwa jengo moja Kakamega nikienda interview. Jioni soja akaanza kunitumia meseji ananiita mrembo, anauliza nakaa wapi. Naogopa kurudi.
*Msichana, Kakamega*

JIBU: Dada una haki ya kuogopa na una haki ya kulalamika. Namba uliitoa ya kuingilia jengo, si ya kutongozwa, na hiyo sheria ya 2016 niliyotaja hapo juu inamkataza kabisa. Usimjibu na usifute meseji hata moja. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba yake na saa, andikia wasimamizi wa jengo na kampuni iliyomwajiri, na uambie pia ofisi iliyokuita interview ili ukirudi mtu ashuke akupokee getini. Wakikunyamazia peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data, wana ofisi Kisumu na unaweza pia kujaza kwa mtandao, na sheria inawapa siku 90 kumaliza uchunguzi. Akianza kukutisha ama kukufuata, usingoje hizo siku 90, nenda polisi leo na uombe namba ya OB, yaani namba ya ripoti yako kwa kitabu chao cha matukio.