Mwalimu mpya wa awali, chati iache kwanza

Nyie mliopangiwa darasa la awali huku Newala na Tandahimba na hamjawahi kuishi Kusini, nawaambia mapema. Kuna watoto watafika wanajua Kimakonde tu, maana mchana wanashinda na bibi na bibi Kiswahili anakitumia akienda sokoni basi, we utaingia na chati yako ya herufi na mtoto atakukodolea macho wiki nzima.

Mi mwaka wa kwanza niliharibu hapohapo. Nilikuwa na simu ina video za nyimbo za watoto, nikawa nawawekea kila asubuhi, wanatulia kimyaaa, nikajiona mwalimu kweli. Mwezi unaisha namuuliza mmoja jina lako nani, kimya. Baadaye ndo nikasoma utafiti wa Patricia Kuhl na wenzake wa Seattle, Marekani, uliotoka 2003. Watoto wa miezi 9 waliozoea Kiingereza walikaa na watu wanaoongea Kichina, wanawasomea vitabu na kucheza nao, vipindi 12 vya kama dakika 25 tu, wakaweza kutofautisha sauti za Kichina. Wengine wakasikilizishwa Kichina hichohicho ila kwa video, wakatoka kapa. Nikaiangalia simu yangu nikacheka mwenyewe.

Kilichonitoa ni ming'oko, vile viazi vya porini vya huku. Binti mmoja alikuwa hanisemeshi kabisa, siku hiyo kaja nayo ya kuchemsha akanipa, mi mtu wa Singida najuaje, nikaitia mdomoni na ganda lake. Alicheka huyo! Akaninyang'anya, akamenya, akaniambia "hivi". Neno lake la kwanza la Kiswahili kwangu. Toka siku hiyo kila asubuhi ananionyesha kitu anakitaja kwao, mi najaribu nakosea (saa nyingine makusudi), afu nakitaja kwa Kiswahili na yeye anarudia, wote macho yako kwenye kitu kilekile kwa hiyo hakuna haja ya kutafsiri.

Kwa hiyo kaa chini kwenye mkeka, cheza nao mdako, kubali kushindwa. Na mtoto akishapata rafiki usimhamishe kiti, hata kama wanapiga kelele, maana huyo rafiki anafundisha kuliko wewe. Kimakonde usikikataze, utamfunga mdomo na Kiswahili chenyewe hutakisikia.

Msimu wa korosho ukifika, kwenye Oktoba Novemba hivi, wengi watapotea wako shamba wanaokota. Wakirudi usianze na herufi, waulize nani kachafua shati kwa mabibo. Watajibu wote kwa pamoja, na nusu yake hutaielewa.