Mdogo wangu amekatwa vidole, ofisi inasema ni uzembe wake

SWALI: Shikamoo Fundi. Mdogo wangu ni kibarua kwenye kiwanda cha kukamua alizeti hapa Singida. Mwezi uliopita, zamu ya usiku, ile skruu inayovuta alizeti kutoka shimoni ilikwama. Alibonyeza swichi nyekundu, mashine ikasimama, akafunua mfuniko na kuingiza mkono kutoa kamba za viroba zilizojisokota. Mwenzake aliyekuwa upande wa mashudu akaona mashine imesimama, akaiwasha. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vimekwenda. Mfuniko huo haujawa na bolti tangu msimu uliopita, na wao walishasema. Sasa ofisi imeandika kuwa chanzo ni "uzembe wa mfanyakazi" na inataka asaini. Je, ni kweli kosa ni lake?
Dada wa majeruhi, Singida

JIBU: Marahaba mwanangu. Mpe pole sana mdogo wako. Na kabla ya lolote, asisaini hiyo karatasi. Kama ni kuandika, aandike maelezo yake mwenyewe, abaki na nakala.

Skruu hiyo naijua, nimezitengeneza kwa miaka mingi. Watu huidharau kwa sababu inazunguka polepole. Upole huo unatokana na giaboksi, na giaboksi hiyohiyo inayopunguza mwendo ndiyo inayoongeza nguvu. Ikikutana na mfupa, mota haibadilishi hata mlio.

Ofisi imeuliza swali moja tu: nani aliingiza mkono? Mimi ningeanzia kwenye zile kamba. Zimefikaje ndani ya skruu? Kiroba hukatwa kwa kisu mdomoni mwa shimo, uzi unaangukia humo pamoja na alizeti. Juu ya shimo panatakiwa pawe na wavu wa nondo wa kuzuia takataka, na wa kuzuia mguu wa mtu pia. Viwanda vingi nilivyopita, wavu huo niliukuta umeegemezwa ukutani, maana unachelewesha kumwaga, na vibarua wanalipwa kwa kiroba. Angalieni kama kwenu uko mahali pake. Bila wavu, skruu inakwama usiku kucha. Ikikwama usiku kucha, bolti za mfuniko zitafunguliwa usiku kucha, hadi siku mtu ataamua kutozirudisha, hasa kama spana imefungiwa stoo na mwenye ufunguo amekwenda kulala. Halafu uliza: kulikuwa na kulabu ya kuzibulia? Kama haikuwepo, mkono wa mdogo wako ndio uliokuwa kulabu ya kiwanda, na kila msimamizi aliyepita hapo alikuwa akiuona.

Tuje kwenye swichi, maana hapa ndipo vidole vilipopotelea. Swichi nyekundu inasimamisha mashine, haiifungi. Inaachia kontakta tu, yaani kile kifaa kinachounganisha na kukata umeme wa mota. Umeme bado uko palepale, unasubiri yeyote abonyeze ya kijani. Anayetaka kuingiza mkono anatakiwa azime kwenye swichi kuu, ile yenye mkono wa chuma na tundu, apitishe kufuli lake kwenye tundu hilo na ufunguo autie mfukoni mwake mwenyewe. Wakiwa wawili, makufuli mawili. Panatundikwa na kibao chenye jina lake. Kisha anakwenda kubonyeza swichi ya kijani kwa makusudi, aone kama mashine imekufa kweli, ndipo afunue. Kufuli la namna hiyo linauzwa duka lolote la vifaa vya ujenzi. Kununua makufuli, kuwafundisha vibarua na kuwapa muda wa kuyatumia ni kazi ya mwajiri.

Na yule mwenzake msimchukie. Pale alipokuwa amesimama aliona mashine iliyozimika, basi. Hakukuwa na kufuli wala kibao cha kumwambia kuna mtu ndani.

Mambo haya hayako kwenye viwanda vidogo tu. Tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la mafuta na gesi la Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini huko Scotland, mafundi wa mchana waliondoa vali ya usalama ya pampu moja ili ifanyiwe matengenezo, tundu wakalifunika kwa bamba. Jioni zamu ikabadilishwa, na habari ya vali hiyo haikuwafikia walioingia. Usiku pampu ya pili ikazima, wakawasha ile ya kwanza wakidhani ni nzima. Mafuta mepesi yakavuja, yakalipuka, watu 167 wakafa. Tume ya Jaji Cullen ingeweza kuandika kuwa aliyewasha pampu ni mzembe, ikafunga faili. Ilichimba namna vibali vya kufanyia matengenezo vilivyokuwa vikikabidhiwa kati ya zamu na namna jukwaa lilivyosimamiwa, ikatoa mapendekezo 106.

Tabia ya kumtupia lawama mfanyakazi ina historia yake. Mwaka 1931 Mmarekani Herbert Heinrich, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya bima, alitangaza kuwa ajali 88 katika kila 100 husababishwa na vitendo vya wafanyakazi wenyewe. Hesabu hiyo inarudiwa kwenye semina hadi leo. Lakini aliipata kwenye kumbukumbu za bima na taarifa za wenye viwanda, karatasi za aina ileile ambayo mdogo wako anasukumwa asaini. Mimi hesabu hiyo siikubali.

Kuhusu haki yake: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008, unalipa bila kungoja ithibitishwe kosa ni la nani. Michango yake hutoka kwa mwajiri peke yake. Kibarua asiogopeshwe kwamba hana mkataba wa maandishi, wa mdomo nao ni mkataba. Kinachoweza kumletea shida ni utovu wa nidhamu mkubwa wa makusudi, na kuzibua mashine ili kazi ya tajiri iendelee siuiti hivyo. Taarifa ya ajali ifike ndani ya miezi 12, ila msingoje. Kusanyeni karatasi za hospitali na picha za eksirei, na majina ya waliokuwa zamu ile usiku ule, wakiwemo walioripoti habari ya bolti.

Kuna jambo moja zaidi. Wenzake bado wanamwaga alizeti kwenye shimo lilelile. Pelekeni taarifa ya maandishi OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, ofisi ya kanda yenu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inawapa wakaguzi mamlaka ya kuingia kiwandani. Kwenye barua tajeni vitu vitatu kwa majina yake: mfuniko usio na bolti, wavu wa shimo na swichi kuu isiyofungwa kwa kufuli. Mkaguzi akishavisoma, atajua pa kuanzia akifika.